Miraba Tisa

Alhamisi, kipindi cha tatu, mvua ya Bradford
inakuna vioo kama mdeni anayejua tumo ndani.
Nimegawa karatasi thelathini na moja,
kila moja na miraba yake tisa
niliyoipiga rula jana hadi saa sita usiku.
Somo ni moja: joto linavyohama.
Njia ndizo tisa. Chagueni mbili.

Mimi nililisoma Tukuyu kwa majina matatu,
mpitisho, msafara, mnururisho,
tukayakariri kwa pamoja, sauti juu,
na mwalimu alikuwa na njia moja na fimbo moja.
Nilipata tisini na nne.
Sikujua msafara ulikuwa unakwenda wapi.

Hapa wananiita Bi Mwaka,
Mwakasege imewashinda, nami nimeacha;
mwaka si jina baya,
una baridi yake na una kiangazi.

Kacper amechagua kikombe cha chai.
Kila dakika mbili anachomeka kipimajoto,
anaweka nukta, ananyamaza.
Mstari wake unashuka kwa haraka, kisha kwa uvivu,
na yeye, ambaye Kiingereza bado kinamkwama kooni,
ananionyesha kwa kidole pale ulipopinda.
Amepaona. Nimeona kwamba amepaona.

Zunaira anaiandikia halmashauri:
"Nyanya yangu analala na koti.
Joto lake linatokea darini, nanyi mnalijua."
Nilitaka aya mbili. Yuko ya tano.

Na Declan Oldroyd, daftari lake jeupe tangu Septemba,
amechagua mraba wa tisa, ule mtupu
nilioandika tu: Lete la kwako, tukubaliane.
Ametoa kwenye begi chupa ya chai ya babu yake,
iliyokwenda zamu za usiku kiwandani miaka ishirini,
na bisibisi.
"Nikiifungua, Miss, nitakwambia kwa nini haipoi."
Tukakubaliana.

Bi Hepworth, naibu mkuu, amesimama mlangoni
na ubao wake wa kubania karatasi.
Kila mtu anafanya lake, ananong'ona, utasahihishaje?
Swali ni moja, namjibu: limetoka wapi, limeenda wapi, limepitaje.
Anayejibu kwa wino, kwa rula au kwa bisibisi,
alama ni zilezile.
Anaandika kitu. Kirefu.

Nami nilikuwa nimeanza kujipongeza
nilipofika dirishani, kwa Imogen.
Karatasi yake haina hata alama ya penseli.
Miraba tisa inamtazama, naye ameshika ukingo wa meza
kama aliye kwenye lifti inayoshuka.
"Niambie tu nifanye nini, Bi Mwaka.
Nikichagua vibaya nitakuwa nimekosea mara mbili."

Hilo sikulichora usiku.
Nilidhani hiari ni mlango, ukiufungua watu hupita;
sikufikiri kuna mtu ambaye milango tisa
kwake ni upepo tu, kutoka pande tisa.

Nikachukua mkasi.
Nikakata saba, nikazitia mfukoni mwa sweta,
nikamwachia miwili: chora nyumba, au ieleze.
Akavuta pumzi. Akachora paa.
Kisha mshale mwekundu, ukitoka darini.

Kengele. Viti vikakwaruza sakafu.
Chai ya Kacper imepoa, ameinywa hivyo hivyo.
Declan amebaki na skrubu moja isiyojua kwao
na sentensi nne, za kwanza mwaka huu:
"Ndani kuna kioo ndani ya kioo.
Katikati hamna kitu.
Joto halina pa kukanyaga.
Babu hakujua, ila alinywa moto."

Imogen alikuwa wa mwisho kutoka.
Alinyoosha kiganja, bila kuniangalia.
"Ile mingine," akasema. "Mmoja tu. Wa kesho."
Nikazitoa zote saba mfukoni, zimekunjamana,
zina vumbi la sufi na joto langu,
akapekua taratibu,
nami, kwa mara ya kwanza siku hiyo,
sikusema kitu.